Jembe Halikupanda Sangari

Tulikuwa matangani Nabuyoga, Tororo, mashariki mwa Uganda, chini ya mwembe, na chai ilikuwa imeanza kugawiwa. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo, aliyeanza kwa kikohozi na kuishia kwenye saratani ya mapafu. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, akalima msimu mmoja. Kabla ya msimu wa pili ugonjwa ukarudi, na sasa tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi tukimsubiri mchungaji. Mzee mmoja wa ukoo akaweka kikombe chake chini, akasema taratibu kama mtu anayesoma hukumu: "Wangemwacha. Kansa haiguswi kisu. Walipomfungua tu, ikapata hewa, ikakasirika."

Wengi wakaitikia kwa kichwa. Binti mmoja wa nyumba ile, aliyesomea uuguzi, alitazama chini asiseme neno. Mimi pia nilinyamaza, kwa kuwa matangani si mahali pa kumbishia mzee. Lakini ukimya ule umenikaa kifuani tangu siku hiyo, maana jirani yangu kitini alikuwa mama mmoja mwenye uvimbe kwenye titi, aliyekuwa ameambiwa aende Kampala mwezi uliofuata. Aliyasikia maneno yale yote. Hakwenda.

Kwa hiyo nayasema hapa yale ambayo sikuyasema pale.

Fikra ya kwamba kisu ndicho kinachoirudisha saratani si ya wazee wa Nabuyoga peke yao. Nimeisikia kwenye stendi ya boda boda Malaba. Nimeisikia sokoni Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Nimeisikia kwa Kipadhola, kwa Kiteso, kwa Kiluhya, na kwa Kiswahili fasaha cha watu wenye digrii. Wengine husema hewa ndiyo inayoichochea. Wengine husema uvimbe una mama yake, na ukimkata mama, watoto hutawanyika mwilini. Wasomi nao wana toleo lao, kwamba sindano ya kuchukua kinyama cha kupima huufungulia ugonjwa mlango. Sura ni nyingi lakini ushauri unaotoka ni mmoja: kaa nao, usiuguse.

Naipinga fikra hii yote, mzizi na tawi. Naipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa inaua.

Kwanza tuitendee haki, kwa sababu haikuzuka hivi hivi. Watu wamesimulia walichokiona. Mtu alikuwa anatembea, anakwenda sokoni, anabishana na wenzake. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akarudi amekonda, akafa. Macho yao hayakukosea kuhusu lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Yalikosea kuhusu sababu. Jirani aliyekimbia na ndoo kuzima nyumba inayoungua hukutwa amesimama pale pale paa linapoanguka, na hakuna anayemwita mchomaji. Wagonjwa wetu wengi wanakifikia kisu nyumba ikiwa imeshashika moto pande zote. Daktari anafungua, anakuta ugonjwa umeshapita pale mkono unapoweza kufika, anafunga. Nje kwenye benchi familia inaambiwa, "Operesheni imeisha." Wao wanasikia kwamba ugonjwa umeisha. Miezi michache baadaye mtu anapozidiwa, wanasema umerudi kwa hasira, kumbe haukuwahi kuondoka.

Haukuondoka: neno hilo ndilo kiini cha makala hii. Ili tulielewe vizuri, twende shambani.

Mtu yeyote aliyelima huku kwetu Padhola anaijua sangari, ile nyasi ambayo wengi upande huu wanaiita lumbugu. Ukiitazama kwa juu ni majani laini tu, mtoto mdogo anaweza kuyang'oa kwa mkono mmoja. Ukichimba, unakutana na mizizi myeupe yenye vifundo kama vya muwa mwembamba, na ncha yake ni ngumu kiasi cha kutoboa kiazi kitamu kikiwa ardhini. Ukifyeka majani, shamba linapendeza kwa wiki mbili. Mvua moja ikinyesha, linarudi lilivyokuwa. Hakuna mkulima anayesema sangari mpya imetoka mbinguni. Anajua kilichobaki chini ndicho kilichochipua.

Kuna kundi kubwa la wanasayansi wanaoieleza saratani kwa namna inayofanana sana na hiyo. Uvimbe, wanasema, si gunia la chembechembe zilizo sawa. Seli nyingi ndani yake ni kama majani: zinagawanyika mara kadhaa, kisha zinachoka, na dawa zikipita zinakufa. Lakini zipo chache zilizo kama vifundo vya sangari. Hizi hazina haraka. Zinaweza kulala muda mrefu bila kugawanyika, na kwa kuwa dawa nyingi za tibakemikali huwinda seli zinazogawanyika, zinapitwa. Nyingine zina uwezo wa kuitapika dawa nje ya ukuta wao, au kuurekebisha haraka uharibifu uliofanywa na mionzi. Zikiachwa hata kidogo, zinaweza kuujenga uvimbe wote upya, majani na mizizi. Ndizo zinazoitwa seli shina za saratani.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka Toronto, Kanada, mwaka 1994. John Dick na wenzake walichukua damu ya wagonjwa wa saratani ya damu, wakazitenga seli kwa aina zake, wakaziingiza katika panya wasio na kinga ya mwili. Kikundi kidogo tu cha seli ndicho kilichouanzisha ugonjwa ndani ya panya. Mwaka 2003 Muhammad Al-Hajj na Michael Clarke, Marekani, walionyesha jambo hilo hilo katika saratani ya matiti. Mwaka 2008 zamu ikawa ya mapafu: huko Italia, Adriana Eramo na Ruggero De Maria na wenzao walikuta katika uvimbe wa mapafu seli chache zenye alama iitwayo CD133. Seli hizo zilipopandikizwa kwa panya ziliotesha uvimbe uliofanana na ule wa mgonjwa. Seli zisizo na alama hiyo zilishindwa.

Msomaji atazame vizuri ugunduzi wa kwanza kabisa ulifanyika katika ugonjwa gani. Ulifanyika katika saratani ya damu. Saratani ya damu haipasuliwi. Hakuna uvimbe wa kukata, hakuna kisu, hakuna hewa inayoingia. Inatibiwa kwa dawa, inatoweka machoni pa daktari, na kwa wagonjwa wengi inarudi. Mzee wangu wa Nabuyoga atuambie, hiyo iliguswa na nini?

Hoja ya pili nadhani ndiyo inayoifunga kesi. Tangu alama hizo zigunduliwe, watafiti wengi wamejaribu kuzitumia kutabiri nani atarudiwa na saratani ya mapafu. Kazi yenyewe iko hivi. Siku ya upasuaji kipande cha uvimbe kinatumbukizwa kwenye fomalini, kisha kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, na kupakwa rangi inayozishika seli zenye CD133 au kimeng'enya kiitwacho ALDH1. Mtaalamu anahesabu kwa hadubini. Kisha anasubiri miaka, akiangalia nani amerudiwa na nani hakurudiwa, na kama hesabu ya siku ile ya kwanza ilikuwa na habari zozote.

Tafakari maana ya jaribio hilo. Kile kipande kiliota mwilini kabla ya kisu. Seli zilizomo zilikuwa hivyo zilivyo kabla daktari hajavaa glavu. Kama kisu ndicho kinachoileta saratani ya pili, basi kipande kilichotoka kifuani siku ya kwanza hakiwezi kutuambia lolote kuhusu kesho. Kuhesabu seli zake kungekuwa sawa na kumhoji mtu kuhusu wizi uliofanyika kabla hajazaliwa. Utafiti wote huu una maana kwa sharti moja tu, kwamba mbegu ya kurudi ilikuwamo tangu mwanzo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kipimo hicho kiko tayari. Tafiti nyingine zimeona kwamba wagonjwa wenye CD133 nyingi hurudiwa zaidi. Nyingine hazikuona tofauti. Hakuna hospitali ya kawaida, iwe Kampala, Nairobi au London, inayomwandikia mgonjwa wa mapafu dawa kwa kuhesabu seli shina peke yake. Tena nadharia yenyewe imeshapigwa mawe. Mwaka 2008, Elsa Quintana na Sean Morrison wa Michigan walichagua panya wenye kinga dhaifu zaidi, wakakuta kwamba katika saratani ya ngozi iitwayo melanoma karibu seli moja kati ya nne iliweza kuanzisha uvimbe. Hizo si chache hata kidogo. Wengine wameonyesha kwamba seli ya kawaida ya uvimbe inaweza kugeuka na kupata tabia za shina, kana kwamba jani la sangari lililoanguka chini limegeuka kifundo.

Mabishano hayo ni makali na ni ya kweli. Lakini yanabishania ni seli ipi iliyobaki. Hakuna upande wowote ndani yake unaosema seli hizo zimezaliwa na kisu.

Na ushahidi hautoki upande wa seli shina peke yake. Mwaka 2017, watafiti wa mradi wa TRACERx huko Uingereza, wakiongozwa na Charles Swanton, waliifuatilia damu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopasuliwa. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vya vinasaba kwenye damu, na vipande hivyo hubeba makosa yale yale yaliyomo ndani ya uvimbe, kama vile mtu anavyotambulika kwa kovu. Kwa wengi wa waliorudiwa, vipande vyenye makovu ya uvimbe wa kwanza vilionekana damuni kabla picha ya skani haijaonyesha chochote, kwa kadirio la kati la siku 70 hivi. Saratani iliyorudi ilikuwa na kovu la ile ya kwanza. Ilikuwa uzao wake, iliyojificha ikisubiri.

Watu hupenda kuniambia, "Hayo ni ya Wazungu." Basi turudi nyumbani, maana Uganda ilifundisha dunia kuhusu kurudi kwa saratani kabla ya wengi kulijua somo hilo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha kuutibu, kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto walitibiwa zaidi kwa dawa, na uvimbe uliyeyuka kwa namna iliyowashangaza hata madaktari. Kisha kwa baadhi yao ukarudi. Mwaka 1972 John Ziegler na wenzake walichapisha walichokiona Kampala: waliorudiwa mapema walikuwa na hali ngumu, lakini waliorudiwa baadaye wengi waliweza kutibiwa upya. Watoto hao walitibiwa kwa sindano za dawa, na bado ugonjwa uliwarudia wengine.

Halafu ukaja mwaka 1974. Ian Magrath, Lwanga na wenzao, wakiwa Kampala hiyo hiyo, walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za watoto waliokuwa na uvimbe huo tumboni. Baadhi walipasuliwa na karibu uvimbe wote ukaondolewa kabla ya dawa. Wengine hawakuondolewa kiasi hicho. Walioondolewa karibu wote waliishi zaidi. Kwa ugonjwa ule, katika hospitali yetu wenyewe, kwa watoto wetu wenyewe, kisu kilichofanya kazi yake sawasawa kiliwaongezea watoto uhai. Jambo hili limekuwa kwenye maandishi kwa nusu karne, na sisi bado tunaambiana matangani kwamba saratani haiguswi.

Kwa mapafu, kuna hesabu kubwa zaidi. Huko Marekani watu 53,454 waliowahi kuvuta sigara sana waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipimwa kifua kwa skani ya CT ya mionzi midogo, jingine kwa eksirei ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2011: fungu la skani lilikuwa na vifo vya saratani ya mapafu vichache zaidi, kwa asilimia 20. Skani haitibu mtu. Ni picha tu. Ilichofanya ni kuuona uvimbe ukiwa mdogo, na wengi walioonekana mapema wakapelekwa kupasuliwa. Kama kisu kingekuwa kinatawanya saratani, fungu lililoonwa mapema na kukatwa zaidi ndilo lingejaza makaburi. Ilikuwa kinyume. Mtu anayepasuliwa uvimbe wa pafu ukiwa haujazidi sentimita moja, katika hospitali zenye uwezo, ana nafasi zaidi ya 80 kati ya 100 ya kuwa hai baada ya miaka 5.

Sasa mkulima makini atanikatiza, na nitamsikiliza. Atasema: "Lakini jembe huieneza sangari! Ukiikatakata mizizi, kila kifundo kinaota peke yake." Anasema kweli, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande ule. Ni kweli kwamba seli za saratani zinaweza kumwagika kwenye damu wakati wa upasuaji, na madaktari wenyewe wanalichunguza jambo hilo. Ni kweli kwamba imewahi kutokea, kwa nadra sana, sindano ya kuchukua kinyama ikaacha seli kwenye njia yake. Ni kweli pia kwamba upasuaji wa kifua ni mzito na wapo wanaofariki kwa ajili yake.

Lakini mkulima huyo huyo, akishajua kwamba jembe linaweza kueneza sangari, huwa anafanya nini? Analiacha shamba? Hata kidogo. Anachimba kwa kina. Anainua bonge zima la udongo, analipasua, anachambua mizizi mmoja mmoja, anaikusanya kwenye mwamba ikaukie juani au anaichoma. Baada ya mvua anarudi kukagua, na kifundo kilichobaki anakitoa kikiwa bado changa. Daktari wa kifua anafuata utaratibu huo huo. Haupasui uvimbe katikati. Anaondoa sehemu nzima ya pafu inayoubeba, kwa maana pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, na anaondoa pia tezi za limfu zilizo jirani ili zikapimwe. Baada ya hapo mgonjwa anapaswa kurudi kupigwa picha kila baada ya miezi 6 kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza, kisha kila mwaka.

Hapo ndipo thamani ya kuzitambua seli shina inapoonekana. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu iliyoenea kidogo hupewa tibakemikali baada ya kupasuliwa, iue kilichobaki. Faida yake ni ya kweli lakini ni ndogo: kwa kila wagonjwa 100, kama watano zaidi huwa hai baada ya miaka 5. Wengine wengi wanatapika, wanapoteza nywele na nguvu, bila faida ile, kwa sababu hatujui kwa uhakika ni nani aliyebakiwa na mzizi na ni nani aliyesafika. Kipimo kitakachojua hilo kitamwokoa mmoja na kifo na mwingine na mateso ya bure. Yaani sayansi inatafuta namna ya kukisaidia kisu kifanye kazi yake hadi mwisho, wakati sisi tunakikimbia.

Nikiisema kweli yote, nasi wasomi tuna hatia yetu. Ni nani amemweleza yule mzee maneno haya kwa lugha anayoielewa? Mgonjwa anaruhusiwa na karatasi ya Kiingereza, tarehe ya kurudi imeandikwa kwa mwandiko usiosomeka, na hakuna aliyemwambia kwamba ugonjwa unaweza kujificha. Nimemwona ndugu wa mgonjwa akitembea mjini na kichupa cha fomalini ndani ya mfuko wa plastiki mweusi, kinyama kimezama ndani yake, akitafuta maabara ya kulipia kipimo. Pesa hazikutosha. Kichupa kilikaa juu ya kabati nyumbani hadi mwenye kinyama alipozikwa. Huwezi kuzungumzia kuhesabu seli shina mahali ambapo hata kipande hakijafika kwa mwenye hadubini.

Na hapa ndipo anapoonekana muuaji halisi, ambaye fikra ya kisu inamficha. Muuaji ni kuchelewa. Duniani mwaka 2022 saratani ya mapafu iliwapata watu karibu milioni 2.5 na kuwaua karibu milioni 1.8, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni kwa sababu iligunduliwa ikiwa imeshaenea. Kwetu kuchelewa kuna njia zake. Mtu anakohoa Nabuyoga, anapewa dawa za vidonda vya koo. Anaendelea kukohoa, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu, mara nyingine hata kama kohozi halikuonyesha mdudu. Miezi sita inapita. Anakohoa damu, anaanzishiwa tena. Huko Eldoret, Kenya, wataalamu wa mpango wa afya wa AMPATH pamoja na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi waliliona tatizo hili, wakaanza kuwaangalia upya watu wenye dalili za kifua ambao kipimo cha TB kiliwakuta hawana. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la maana kuliko mashine yoyote mpya.

Ongeza umbali. Kutoka Nabuyoga hadi Mulago ni karibu kilomita 200, na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda ilipoharibika, nyingine haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Ongeza pia vyanzo vilivyotuzunguka. Tororo iliwahi kuwa na kiwanda cha mabati ya asbesto, na vumbi la asbesto huweza kulala mapafuni miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kuleta saratani. Vijana wa Busia wanaochimba na kusaga mawe ya dhahabu wanavuta vumbi la silika kila siku, nalo limethibitishwa kuwa linasababisha saratani. Kwa ndugu zetu wa Teso upande wa Kenya tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miaka mingi. Na mama zetu wanainama juu ya mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi wa kuni wa namna hiyo umewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Watu wetu wana kila sababu ya kukipima kifua mapema. Kisha tunawaambia wakiogope kisu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemshauri mwenzake asikubali kupimwa wala kupasuliwa anamfichia maradhi, hata kama anafanya hivyo kwa upendo.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu wa mpakani mambo machache. Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe kohozi. Kipimo kikisema huna TB na bado unakohoa, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa zile zile: omba eksirei, na ikionyesha kivuli, omba upelekwe kwenye skani. Ukichukuliwa kinyama, uliza kinapelekwa wapi, uliza majibu yatatoka lini, na weka nakala yako. Ukipasuliwa, uliza kama uvimbe wote umetoka na kama kuna tezi zilizokutwa na ugonjwa. Rudi kwa tarehe uliyopewa hata kama unajisikia mzima, kwa sababu kifundo cha sangari kinapoanza kuota hakiumi. Acha sigara leo, hata kama umeshatibiwa. Na akija mtu kukuuzia chupa ya dawa ya kuua seli shina za saratani, au akikuahidi kuziotesha upya seli zako kwa sindano ya bei kubwa, mfukuze. Anauza jina la utafiti ambao wenyewe haujafika huko.

Kwa wauguzi na madaktari wa Tororo, Busia na Mbale: yaelezeni haya kwa Kipadhola, kwa Kiteso, kwa Kisamia, kwa Kiswahili. Mtumie sangari, mtumie gugu la kiduha, mtumie chochote ambacho mkulima anakijua. Mkinyamaza nyinyi, atasema mzee aliye karibu na sufuria za chai, na maneno yake yataaminiwa.

Mwalimu wetu alikohoa karibu miaka miwili kabla mtu yeyote hajampiga picha ya kifua. Alipofika kwa daktari wa upasuaji, tezi za shingo zilikuwa zimeshavimba. Baada ya kisu alipata msimu mmoja wa kulima na wanawe. Mama yule wa titi alizikwa mwaka uliofuata, na hakuna kisu kilichomgusa. Kama kungekuwa na haki katika maneno yetu, siku ile chini ya mwembe mtu angesimama na kusema: jembe halikupanda sangari, jembe lilichelewa kufika.